Kitundu Alichoziba Zahoro

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Zahoro Amri alisifiwa mno pale Tunduma, tena na watu wasiojua hata waya upi ni wa moto. Alikuja kutoka Kondoa akiwa utingo wa malori ya mafuta ya Zambia, miaka ile barabara nzima ilikuwa matope hadi magotini. Lori lao likafia mpakani, tajiri asirudi kulifuata, naye Zahoro akabaki hapo hapo. Akaoa, akajifunza umeme wa magari kwa kufungua na kufunga, hadi madereva wa ng'ambo na wa huku wakamwita Bwana Taa. Pombe hakuigusa maisha yake yote, lakini jina hilo lilimlevya.

Sasa, mwaka wa sabini na sita, mvua zikiwa zimekolea, akaja Lusubilo. Huyu alikuwa dereva wa lori la kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Ihanda, lori la jasho la watu, lililonunuliwa kwa kahawa. Kijana mpole, hata honi alikuwa akiipiga kwa adabu.

"Shikamoo, fundi. Taa zangu zimeingia maji. Kila nikiwasha vioo vinatoa jasho, mbele sioni."

"Marahaba. Zishushe tuzione."

Zahoro akafungua vioo, akafuta kwa kitambaa kikavu, akaanika kila kitu juani kama muhogo. Hadi hapo kazi ilikuwa nzuri, nani atabisha? Kisha akaona chini ya kila taa kuna kitundu, kidogo cha kupita njiti ya kiberiti. Akasema, aha, mchawi huyu hapa. Matope yanaruka, maji yanapenya. Akachukua puti, ule udongo laini wa kuzibia nyufa, akaziba kitundu cha kwanza, akaziba cha pili, akakandamiza kwa kidole gumba.

Lusubilo alikuwa amechuchumaa karibu. Akasema taratibu, "Fundi, samahani. Mimi nadhani hicho kimewekwa ili maji yatoke."

Pale kwa mama muuza chai walikuwapo madereva sita wanasikiliza. Zahoro angeweza kufikiri kidogo. Hakufikiri. Alicheka, akageukia benchi, akasema, "Mmemsikia mhandisi wa kahawa? Bwana mdogo, wewe shika usukani, taa niachie mimi." Benchi zima likaangua kicheko, na Lusubilo naye akacheka kidogo, maana angefanyaje.

Maji hayakumjua Bwana Taa ni nani. Yaliendelea kuingia kwa nyuma, kwenye mpira wa kuzuia maji uliochakaa, ila mlango wa kutokea hayakuwa nao tena. Wiki ya tatu, asubuhi, ukungu wa Mbozi umelala barabarani kiasi kwamba huoni mkono wako mwenyewe, Lusubilo alikuwa anapanda mlima polepole na taa zimewashwa. Globu zikafa zote mbili kwa mpigo. Kabla hajasimama, alikuwa amemgonga Tabita, mwanakijiji mwenzake, mama wa watoto wanne, aliyekuwa akienda mnadani na ndizi kichwani. Mguu wake ulivunjika mara mbili.

Siku ya tatu mwenyekiti wa kijiji, mzee Yonasi, akamletea Zahoro taa zote mbili ndani ya gunia. Hakuja kwa ubaya. Alitaka neno la mtaalamu apeleke kwenye halmashauri ya kijiji.

Zahoro akainua taa ya kwanza, akasikia maji yanacheza ndani. Akaiinamisha, hayakutoka. Akachokonoa puti kwa bisibisi, ikabanduka nzima, ina alama ya gumba lake wazi kama kwenye kadi ya chama, na maji yakamwagikia miguu yake. Akaelewa pale pale. Sitaki mtu aje kumtetea kwamba hakujua.

"Vipi, fundi?" mzee Yonasi akauliza. "Kosa la nani?"

Zahoro akaifunga ile puti kiganjani. "Dereva hakukagua taa," akasema. "Dereva anayejua kazi hukagua kila asubuhi."

Basi. Halmashauri ikamvua Lusubilo usukani, ikampa jembe kwenye shamba la kijiji, na watoto wakawa wakimwona wanamwimbia. Zahoro alirudi kufungua na kufunga. Nyumbani Mwanaisha, mkewe, akimwuliza mbona chakula hakipandi, anasema tumbo. Tumbo gani! Ilikuwa roho inamsuta, naye anajitia hamnazo. Kila gari lililosimama alikuwa anaangalia kwanza mguu wa anayeshuka, kama anatembea sawa.

Kisha Lusubilo akaja kwa miguu. Zahoro alipomwona kwa mbali alitamani ardhi ipasuke. Alijua amekuja kumdai, akajiandaa kutukanwa, na moyoni alikuwa anaona afadhali.

"Shikamoo, fundi," kijana akasema, na kofia ameivua. "Nimekuja kuomba unifundishe kukagua taa. Nimefikiri sana nilikosea wapi, sipati. Nilizitazama ile asubuhi, naapa, lakini wewe ndiye unayejua. Wakinirudishia lori sitaki niumize mtu mwingine."

Zahoro hakuitika ile shikamoo. Aliona haya hadi masikio yakawaka moto, haya ya mtu mzima mbele ya kijana ambaye yeye ndiye aliyemponza. Alisema tu, "Mkutano wenu wa kijiji lini?"

"Jumamosi."

Jumamosi alipanda basi, akashuka, akatembea hadi uwanjani kwao. Tabita alikuwa amekaa mbele kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, mkongojo kando. Zahoro akaomba kusema, akasema yote: kitundu, puti, kicheko cha benchi, mzee Yonasi na gunia. Akaitoa ile puti mfukoni, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti. "Dereva hana kosa. Kosa ni langu."

Watu wakaguna. Mzee Yonasi akatangaza hapo hapo kwamba Lusubilo arudishiwe funguo, na mikono ikanyanyuliwa yote. Zahoro akashusha pumzi. Masikini, alidhani yamekwisha, alidhani ukishasema umeoga. Alikuwa tayari ameanza kutafuta pa kukaa.

"Baba," Tabita akaita, hakupaza sauti. "Kukosea naelewa. Hata mimi nimewahi kuunguza nyumba ya watu. Wewe ulijua lini?"

"Siku aliponiletea taa."

"Hiyo ni siku ya tatu tangu nigongwe. Leo ni ya arobaini na sita. Huyu kijana alikuwa anakuja kunilimia shamba langu kila jioni, akitoka kulima la kijiji, kwa sababu aliamini ni yeye. Nami nilikuwa namfukuza kwa matusi. Wewe hizo siku zote ulikuwa wapi?"

Zahoro alikuwa Tunduma, anatengeneza taa. Hilo ndilo jibu, hakuwa na lingine. Akageuka amtafute Lusubilo, angalau amwone amekasirika. Lusubilo alikuwa ameinamisha uso, anaona haya kwa ajili yake.