Kitabu cha Mama Bertille Kilichofunga Ziwa

Mama mkwe wangu, Mama Bertille, anaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwa, ufukweni hapa Kalemie tangu kabla mume wangu Jovial hajazaliwa. Ukimwona asubuhi ameinama juu ya chanja, mikono inageuza samaki upesi kama ya mtu anayechambua maharagwe, huwezi kudhani kwamba kichwani mwake kuna jeshi zima linalopanda kutoka chini ya ziwa. Lakini limo. Naishi naye nyumba moja, na mimi ndiye niliyelisikia kwanza.

Alizaliwa upande wa Moba, kule milimani, kwa watu wa shamba na wa misa. Masista walimfundisha mwandiko ule wa kulala, wenye mikia mirefu, na mpaka leo anaandika hivyo hivyo. Halafu akaolewa na mvuvi, akashuka ziwani. Mumewe alifariki Jovial akiwa bado anatambaa. Alimwachia koti moja zito, chanja mbili, na tabia ya kuyatazama maji kwanza kila asubuhi kabla hajamsalimia mtu.

Kitabu kilianzia kwenye redio. Jioni moja tulikuwa tunachambua mchele, redio ikasema kwamba ziwa letu lina kina cha zaidi ya kilomita moja, na kwamba maji ya huko chini kabisa hayana hewa, kwa hiyo hakuna kinachoishi. Mama Bertille akaweka ungo chini. Akauliza ni nani aliyeshuka kuona. Nikamwambia ni wenye elimu, wana mashine zao. Akachukua tena ungo, akasema labda hata wale wa chini wana redio yao, nayo jioni hii inawaambia kwamba huku juu hakuna kinachoishi.

Wiki ile ile akanunua kaye, daftari la shule, na kalamu ya biki. Akawa anaandika mchana, ndagala wakiwa juani, yeye kakaa juu ya gunia na fimbo ya kufukuzia kunguru iko pajani. Watu wake aliwaita Wachini. Walitoka kwenye nyota fulani zamani sana, wakaanguka ziwani kabla hakujawa na muntu wa kuwapokea, wakazoea giza na baridi. Walikuwa warefu, ngozi yao inaona kuliko macho yao, na walipotaka kutembea nchi kavu walibeba maji mgongoni kama sisi tunavyobeba watoto. Aliponisomea hapo nilimtazama, naye akatazama mgongo wangu ambako binti yangu Princesse alikuwa amelala. Tukacheka.

Sasa, ninyi mnaokaa mbali na ziwa, lazima mjue jambo moja. Mitumbwi yetu inavua kwa taa. Taa inawashwa katikati ya maji, ndagala wanaifuata, wavu unawainua. Mwezi ukiwa mzima, ndagala wanatawanyika, hawaioni taa kuwa kitu. Kwa hiyo siku za mwezi mkubwa wavuvi wanabaki nyumbani, wanashona nyavu, wanagombana na wake zao, wanalala hovyo. Mama Bertille alichagua siku hizo. Jioni, baada ya chakula, alikaa mlangoni kwetu akasoma. Mara ya kwanza tulikuwa sisi wa nyumbani na jirani yetu Mama Louise. Mwezi uliofuata ikaja ekipe nzima ya mtumbwi anaovulia Jovial: Chérubin, ambaye hawezi kukaa bila kula kitu, Blanchard, kijana wa misa ya kila asubuhi, na kapita wao, mkuu wa mtumbwi, Papa Déogratias. Kapita alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, kama mtu aliyepita tu.

Walicheka sana siku hizo. Wachini walipokuja kuvamia mji, kitu cha kwanza walichofanya ili watu waogope ni kukata umeme. Ikapita wiki nzima, hakuna aliyegundua. Mkubwa wao akakasirika, akatuma wajumbe waje kuwaambia watu kwamba wamevamiwa. Mama Louise alicheka mpaka akashika ukuta. Chérubin akaomba kipande hicho kisomwe tena, kikasomwa.

Lakini Mama Bertille hakuwa anaandika vichekesho tu. Jioni ya mwisho kabla wavuvi hawajarudi kazini, alisoma sura nyingine. Wachini wamegundua taa za wavuvi. Wanaziona kutoka chini kama nyota zilizoshuka karibu. Wanajua kwamba juu ya kila nyota wamekaa watu wachache, wametulia, hawana pa kukimbilia. Wanaanza kupanda polepole. Hapo Mama Bertille akafunga kaye, akasema bado hajaandika mbele. Nilitazama nyuso za watu. Chérubin alikuwa na mhogo mkononi na hakuutafuna.

Kesho yake, saa ya kusukuma mtumbwi, wavuvi walikaa mchangani. Chérubin alisema tumbo linamkata. Blanchard alisema ana nia ya kusali novena, na afadhali aianzie nchi kavu. Hata Jovial wangu, mwanawe mwenyewe, alisema kamba moja haimpendezi, ingefaa aitazame vizuri mpaka kesho. Hakuna aliyetaja kitabu. Mitumbwi mingine iliondoka, watu wake wakawapungia mikono na kuwauliza kama wamepata kazi ya kulinda mchanga.

Siku ya pili ikawa vile vile. Chanja za Mama Bertille zilikuwa wazi, na za wanawake wengine wanaoutegemea mtumbwi ule pia. Papa Déogratias akaja moja kwa moja mpaka mbele yake. Hakupiga kelele. Ni mtu mwenye sauti nzito, na anapokasirika anaishusha zaidi.

"Mama Bertille, kitabu chako kimefunga ziwa."

Mama mkwe akamjibu kwamba ni hadithi tu, na wao ni watu wazima. Kapita akasema anajua, lakini wale vijana wanaijua mchana tu. Hadithi imewaacha katikati, Wachini wanapanda, hawajui watafika au hawafiki. Kwa hiyo ama aimalize, wajue mwisho wake, au akitie kwenye moto wa kupikia mbele ya ekipe nzima, ili wote waone kwamba Wachini wamekufa.

Niliona mkono wa Mama Bertille ukienda kwenye pindo la kitenge chake, mahali anapofungia kaye. Amepoteza vitu vingi katika maisha yake, na sijawahi kumwona akishika kitu hivyo. Akasema kuimalizia hawezi. Siyo kwamba hataki. Amefika mahali ambapo Wachini wako chini ya taa, na yeye taa ile hajawahi kuiona ikiwa majini. Anaijua ikiondoka na anaijua ikirudi. Akisema uongo hapo, watu waliokwenda wataujua.

"Nipeleke," akasema.

Papa Déogratias akacheka kidogo, halafu akaona kwamba ni kweli. Akamwambia mwanamke hapandi mtumbwi wa taa, hiyo anaijua tangu ujana wake. Mwanamke akipanda, wavu unapanda mtupu.

"Papa Déo, wavu wako ni mtupu sasa hivi. Unaota jua na wenyewe."

Wanawake wote kwenye chanja waliangua kicheko, hata wale waliokuwa wanajifanya hawasikii. Kapita alikuna shingo. Akatazama vijana wake mchangani, kisha akatoa neno lake. Mama atapanda. Wavu ukijaa, kitabu ni chake na hakuna wa kumsumbua tena. Ukirudi mtupu, kaye inaingia motoni asubuhi ile ile. Mama Bertille akakubali bila kupepesa. Na vijana, walipomwona mama mtu mzima anavaa koti la marehemu mumewe na kukunja kitenge mpaka magotini, wakaziacha habari za matumbo na novena. Jovial alisimama wa kwanza. Nilimpenda saa ile.

Mama Louise alimwuliza, Wachini wakimchukua, ni nani atakayerithi chanja ya upande wa kivuli. Mama Bertille akamjibu kwamba amekwisha kumwandika yeye kitabuni, naye ndiye atakayeliwa kwanza. Wakasukuma. Aliketi mbele, mgongo umenyooka kama yuko kanisani, na hakugeuka kututazama.

Usiku ule sikulala vizuri. Siyo kwa ajili ya Wachini. Nilikuwa nafikiri kaye ikiungua, mama huyu ataanika kwa nguvu gani mchana, maana najua kwamba samaki wanakaushwa na jua, lakini yeye ni kitabu kilichokuwa kinamshikilia.

Asubuhi tulikuwa ufukweni wote. Mtumbwi uliojaa unajulikana kwa mbali: unakaa chini, maji yanakaribia mdomo wake, na wapiga makasia hawana haraka. Wa kwanza ulikuwa mwepesi, siyo wetu. Wa pili pia. Kisha Mama Louise akanigusa begani. Mtumbwi wa Papa Déogratias ulikuwa unakuja umezama kiasi kwamba koti la Mama Bertille lilionekana kama linaelea juu ya maji. Nikaanza kupiga vigelegele, Princesse akaamka mgongoni akalia, na wanawake wakapokea.

Alishuka ameshika bega la Jovial. Chérubin alikuwa wa kwanza kutangaza kwamba mama ametapika mara nyingi, na kwamba ndagala wote wale walifuata matapishi, siyo taa. Mama Bertille akamwambia anyamaze, ametapika kwa heshima. Kapita alianza kupokeza vikapu, na cha kwanza alimpa yeye.

Tulipokuwa tunamwaga samaki kwenye chanja, nilimwuliza aliona nini. Akaniambia taa ilipowashwa maji yaligeuka kijani, halafu vikaanza kuja vitu vidogo vinavyong'aa, vingi, vingi, vinazunguka, vinataka kuigusa ile nuru. Na ghafla wavu ukaviinua. "Miye nilikuwa natafuta wavamizi chini," akasema. "Kumbe wavamizi njo sisi."

Aliandika siku tatu bila kusemeshwa. Nilimpelekea ugali kwenye gunia lake. Siku ya nne, mchana, ekipe ikiwa inashona nyavu kivulini, akawasomea mwisho.

Wachini wanafika chini ya taa. Wavuvi wanashika makasia wawapige. Lakini Wachini hawautazami mtumbwi, wanautazama wavu. Mmoja wao, mfupi kuliko wote, anaweka kiganja kwenye nyuzi na kuwaita waliomo kwa majina. Ni watoto wao. Walipanda kufuata nuru, kama watoto wanavyofuata kitu chochote kinachong'aa, na wazazi walikuwa wanawafuata nyuma. Jeshi lote lile lilikuwa wazazi. Kapita wa mtumbwi, mtu mwenye sauti nzito, anasimama. Hana lugha yao. Anafikiri, halafu anainama na kuzima taa. Gizani watu wa juu na wa chini wanasikilizana wakipumua, na watoto, kwa kuwa hakuna tena cha kukifuata, wanarudi kwa mama zao.

Blanchard alifuta macho kwa wavu aliokuwa anaushona. Halafu Papa Déogratias akatikisa kichwa. Alisema hakubali. Hakuna kapita anayezima taa wavu ukiwa majini, samaki wote watakwenda, huo ni wazimu, Mama Bertille amemwaibisha mbele ya ziwa zima. Chérubin akamwuliza amejuaje kwamba yule kapita ni yeye. Wakacheka mpaka watu wa mitumbwi mingine wakaja kuuliza kuna nini. Wakabishana kwa muda mrefu, taa izimwe au isizimwe, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuogopa. Mwishowe kapita akasema kama ni lazima, basi dakika moja tu, na iandikwe hivyo. Mama Bertille akatoa biki akaandika hapo hapo: dakika moja tu.

Jioni walisukuma mtumbwi wakiimba.

Asubuhi Jovial aliporudi alikuwa anacheka peke yake wakati wa kunawa. Nilimwuliza. Akaniambia, katikati ya maji, kabla hawajateremsha wavu, Papa Déogratias alinyoosha mkono akazima taa. Walipomwuliza alisema betri inahitaji kupumzika.

"Mukafanya nini?"

"Tukanyamaza wote, tunasikiliza."

"Mukasikia nini?"

"Blanchard anasali Salamu Maria," akasema, "na Chérubin anatafuna."