Bingwa wa Herufi Zinazocheza

Mabango yote ya mtaani kwetu anayatengeneza fundi mmoja tunayemwita Mbwembwe. Kompyutani kwake anajua mwandiko mmoja tu: herufi nene kama za brashi, zinarukaruka, mikia imejikunja. Kwenye mabango ya saluni zinapendeza. Lakini bango lake la hatari ya umeme utadhani ni mwaliko wa harusi.

Mke wangu alipofariki nilikwenda kwake kuagiza kibao cha kaburi. Akanionyesha. Jina la mama watoto lilikuwa linacheza ngoma.

"Mzee wangu, hii inachangamsha."

"Inamchangamsha nani? Yeye au mimi?"

"Basi nipunguze mikia?"

"Mwanangu, shule mimi niliiona kwa nje. Herufi zilizonyooka nazisoma kwa shida, hizi zako sizisomi kabisa. Nitajuaje nimesimama kwenye kaburi lake? Si unapenda brashi? Niandikie kwa brashi ya kweli."

Bingwa wa brashi hakuwa na brashi. Akaazima kwa mpaka rangi wa jirani. Herufi zikatoka nyembamba kama zimefunga, lakini zilisimama wima. Nikalisoma jina lake bila kumwuliza mtu.