Mtoto Aliyejua Kulia

Nilikuwa na miaka tisa watu wa filamu walipokuja shuleni kwetu, Bilele, kutafuta mtoto wa kike. Walitupanga mstari ukutani wakatuambia tuseme maneno mawili tu: "Mama, usiniache." Wenzangu waliyasema kwa sauti ya kukariri, kama tulivyozoea darasani. Mimi niliyasema kama nilivyomwambia mama kila alipokwenda sokoni bila mimi. Muongozaji, mwanaume mnene mwenye sauti ya upole, akamgeukia mwalimu.

"Mama wa huyu anapatikana wapi?"

Mama alikuwa fundi cherehani. Baba sikuwahi kumjua. Tuliishi wawili katika chumba kimoja, cherehani mlangoni, kitanda nyuma ya pazia. Usiku ule, watu wa filamu walipokwisha kuzungumza naye, hakushona. Alinisuka nywele, akazifumua, akanisuka tena.

Filamu ilipigwa Muleba, si mbali na nyumbani kwao mama, kwenye kibanja cha mzee mmoja chenye migomba minene. Nilicheza mtoto anayefiwa na mama yake, akaachwa kwa mama wa kambo. Siku mbili za kwanza zilikuwa raha. Nilichota maji, nikatukanwa, nikalala chini, na kila tulipomaliza kipande watu walinipa biskuti.

Siku ya tatu ilikuwa ya kaburi. Walirundika udongo mwekundu, wakachomeka msalaba wa miti. Nilitakiwa kulia, na machozi hayakuja. Wakanipaka kitunguu, nikapiga chafya, nikacheka, na wapiga picha nao wakacheka. Jua lilikuwa linazama, na mpiga kamera akaanza kulalamika. Muongozaji akamwita mama pembeni, wakazungumza kidogo. Kisha mama akaondoka. Nikaambiwa amekwenda barabarani kuninunulia soda.

Muongozaji akaja, akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega.

"Mwanangu, nisikilize vizuri. Mama yako amegongwa na gari. Amekufa."

Mimi mwenyewe sikumbuki nilichofanya. Ninakijua kwa sababu nimekiona kama watu wengine wote walivyokiona. Mtoto anatazama upande wa barabara. Anapiga hatua mbili, anaanguka juu ya lile tuta, anaufukua udongo kwa kucha huku akimwita mama yake kwa Kihaya, lugha ambayo hakuna aliyemwandikia. Inachukua muda mrefu. Kamera haimwachi.

Waliposema "Kata!" wote wakapiga makofi. Mama akatokea na soda mkononi. Nilimrukia nikamng'ang'ania mpaka kanga ikamvuka kiunoni.

"Walikuwa wanakutania tu," alisema. "Kunywa soda."

Filamu ile ikauzwa kila kibanda. Mjini Bukoba wanawake walinisimamisha njiani: "Yatima! Hebu tulilie kidogo." Nililia, wakafurahi, wakanipa maandazi. Mwaka uliofuata tuliitwa Dar es Salaam. Mama aliwaacha wateja wake, akafunga cherehani kwenye gunia, tukaenda. Nilicheza filamu nyingine nne, na katika kila moja nilifiwa na mtu. Hakuna aliyehitaji kitunguu tena. Nilifumba macho, nikarudi pale kwenye kibanja, na machozi yakaja.

Nilipofika miaka kumi na mitatu nikarefuka ghafla, kifua kikaanza kujaa. Mtayarishaji mmoja alinitazama juu hadi chini, kisha akamwambia mama, si mimi: "Huyu amekua, dada. Sura ya yatima imeshamtoka." Huo ukawa ndio mwisho. Tulikaa miezi mingine tukisubiri simu, halafu tukarudi Bukoba. Nilikaa darasa moja na watoto waliokuwa wananifika kifuani, nikafeli mtihani wa darasa la saba. Wateja wa mama walikuwa wamezoea fundi mwingine.

Sasa ninafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, Miembeni. Nina binti mmoja, ninamlea peke yangu. Uso wangu wa miaka tisa unazunguka kwenye simu za watu kama kikaragosi cha mtoto anayelia. Timu ikifungwa, wanatumiana. Umeme ukikatika, wanatumiana. Mwenzangu wa kazini alinitumia uso huo mimi mwenyewe siku mashine ilipoharibika. Hakujua kuwa ni mimi.

Mama aliugua tumbo. Hospitali walipomaliza kufanya waliyoweza, aliomba arudi kwao Muleba, na mimi nikawa ninakwenda kila Jumapili. Mchana mmoja nilikuwa ninamnywesha uji, akausukuma mkono wangu.

"Siku ile ya kaburi," akasema, "waliniuliza kwanza."

"Walikuuliza nini, mama?"

"Kama wanaweza kukuambia nimekufa. Nikasema sawa. Sikwenda barabarani. Nilikuwa nyuma ya migomba."

"Ulinisikia ninakuita?"

"Nilikusikia. Yule bwana akaniashiria nisubiri, nikasubiri."

Akanitazama. Nilijua anachotaka kusikia, ni neno moja tu, na lilikuwa karibu kabisa. Badala yake nilichukua bakuli nikaenda kuliosha. Nililiosha mpaka basi la kunirudisha mjini likakaribia. Nikajiambia nitamjibu Jumapili ijayo. Alifariki Alhamisi.

Tulimzika pale pale kwenye kibanja cha kwao. Nilisimama mbele ya udongo mwekundu, macho makavu. Niliona simu zimeinuliwa, watu wakisubiri. Mama mdogo akaninong'oneza sikioni, "Lia, mwanangu, watu wanatazama. Wewe si unajua kulia?" Sikuweza. Baadaye walisema nililia kwa ajili ya kamera nikashindwa kumlilia mama aliyenizaa.

Baada ya arobaini nilitafuta namba ya yule muongozaji nikampigia. Alifurahi mno.

"Ile ya kaburi! Ile ndiyo iliyotutoa sote, mwanangu."

"Mama amefariki," nikamwambia. "Safari hii ni kweli."

"Pole sana. Hivi una mtoto?"

"Ninaye. Wa kike, ana miaka saba."

"Analia vizuri?"

Nilikata simu. Nikaondoka bila kufunga duka, mwenzangu akanifungia.

Binti yangu akianguka akalia, wazazi wengine wangekimbia. Mimi ninasimama mlangoni kwanza, ninamtazama usoni nijue kama ni kweli. Sipendi kufanya hivyo, na sijui namna ya kuacha. Ameshagundua. Juzi alichanika goti kwenye changarawe, damu ikamtiririka mpaka kwenye soksi. Alikaa chini akalishika goti kwa mikono miwili, mdomo kaufumba, ananitazama.