Meno ya Mbuzi ya Mama Gaudens

Wapangaji wenzangu hapa Tandika huniita mbea. Wananionea, mimi napenda kujua tu. Na nilichotaka kujua safari hii ni kwa nini kashata za jirani yangu Mama Gaudens, zilizokuwa nyeupe pe, zimeanza kuwa na chembe za kifuu.

Nikajisogeza kumtazama akikuna nazi. Mbuzi yake ni ya zamani, alikuja nayo kutoka Masasi alipoolewa, na kiti kimeng'aa kwa kukaliwa. Tatizo lilikuwa kwenye meno. Mawili yamelala upande, moja limechongoka na linachimba mpaka kwenye kifuu. Ilibidi akandamize nazi kwa nguvu zote, na kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba.

"Si umpelekee Nurdin, yule anayechomelea mageti?" nikamuuliza. "Atayanyoosha mara moja."

"Hiyo ananoa Baba Gaudens," alinijibu, akiukaza uso.

Ndipo nikaanza kumwangalia mzee mwenyewe. Mumewe huyo, Mzee Kornelio, alikuwa seremala. Mara kwa mara huketi mlangoni na tupa yake, akayapiga tupa meno ya mbuzi, akamkabidhi mkewe na kumwambia, "Haya, kali hiyo!" Mkewe hushukuru. Siku moja nikamwona akimimina chai pembeni ya kikombe, nikaelewa. Macho yalikuwa yanamwacha. Mbuzi ikienda kwa Nurdin, itakuwa sawa na kumwambia mzee kwamba kazi yake imekwisha. Mwenyewe asingegundua kwamba ananoa kombo, maana wanaume wa kwetu huinoa mbuzi lakini hawaikalii. Akionekana ameipanda, mtaa mzima utamcheka.

Jumamosi moja Mama Gaudens alikuwa na oda ya kashata za sherehe ya kipaimara, na mkono ukagoma kabisa kukunjika. Nikamwambia anisubiri nikanunue sukari, nikirudi nitamkunia. Niliporudi nikamkuta amesimama nje, mlango umefungwa. Ndani, kra, kra, kra.

"Amenitoa," akaninong'oneza. "Kaugusa mkono ulivyovimba, kasema anakuna mwenyewe. Jamani, atajua!"

Sauti ikakatika. Tukasubiri. Nakiri nilichungulia dirishani, lakini pazia lilikuwa zito.

Mzee akatoka na bakuli la nazi, kidole kinavuja damu. Akachota kidogo, akatafuna, akatema kifuu.

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima," mkewe akasema.

"Na kila nikikuuliza, unaniambia kali."

"Ulikuwa unafurahi, baba."

Nilidhani atafoka, au ataivunja ile mbuzi. Akarudi ndani, akaileta na tupa, akaketi kizingitini, wapangaji wote wakimtazama, na mbuzi akaipakata mapajani.

"Njoo hapa. Niwekee kidole penye jino bovu. Nikienda kombo, sema."

"Nitasema mpaka watu wa Mtoni wasikie."

"Sema tu. Mie nimechoka kudanganywa na mke wangu mwenyewe."

Mama Gaudens akachuchumaa kando yake, akaweka kidole kwenye lile lililochongoka. Mzee akalipapasa, akaegesha tupa, akaanza kusugua polepole. Baada ya muda akapuliza vumbi la chuma, akainua uso.

"Kali hiyo?"

Mkewe akalipitishia dole gumba, akasita.

"Bado, baba," akasema. "Bado kabisa."

Mzee akacheka, akarudisha tupa palepale.