Tangi Lililojaa Kwenye Ripoti

Kabla hujaanza hiyo kazi yako mpya ya kuandika ripoti, mwanangu, keti nikueleze jambo ambalo hata mama yako halijui.

Miaka ya tisini nilikuwa karani katika kiwanda kimoja cha sabuni hapa Nairobi. Nilipanga chumba Kawangware, nikajiona nimefika, maana nilivaa tai. Kila mwaka kampuni ilitoa kitabu cha kupendeza kwa wenye hisa na ofisi za serikali, na ndani yake ukurasa mmoja wa mema tuliyowatendea maskini. Ukurasa huo niliuandika mimi.

Mwaka mmoja tulijenga tangi la maji Silanga, kule Kibera. Siku ya picha lori lilileta maji, na muuza mboga mmoja, Mama Auma, akapigwa picha akikinga mtungi, bintiye Auma kando yake. Nilirudi baada ya wiki chache ili niandike vizuri. Tangi lilikuwa kavu. Halikuwa limeunganishwa na bomba lolote. Kina mama walikuwa wakichota kwenye kijito kile kile cha uchafu walichokitumia kabla ya tangi.

Niliandika nilichokiona. Mkurugenzi akaniita ofisini, akasoma, akapiga mstari juu ya maneno yangu.

"Andika familia zote za Silanga zinapata maji safi."

"Lakini mzee, bomba halijaunganishwa."

"Litaunganishwa. Nani ataenda huko kuangalia?"

Hakupaza sauti. Hakuhitaji. Kwenye kampuni ile hakukuwa na wa kumwambia hapana. Hata wanabodi walikuwa marafiki aliowaleta yeye. Nikapiga taipu alivyotaka. Sikusita, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mvua zilipokuja, kipindupindu kikaingia Silanga. Nikasikia Auma amefariki, nikaenda kutoa pole. Mama yake alinitambua.

"Tulienda ofisi ya maji kuomba lori," akaniambia. "Wakatoa kitabu chenu. Picha yangu iko ndani, na ya Auma. Wakasema nyinyi mko na maji tayari, wacheni wengine wasaidiwe. Ni wewe uliandika?"

Nikasema ni mimi. Hakunitukana. Alisema tu, "Si ungeniuliza hata mimi," akarudi kuketi na wenzake.

Najua ungependa kusikia kwamba niliacha kazi siku hiyo. Sikuacha. Nilimwomba mkurugenzi turekebishe, akasema mwaka ujao. Nikakaa miaka minne zaidi, nikiandika kurasa nyingine. Tangi halikuunganishwa kamwe.

Basi nisikilize. Ripoti husomwa na mtu mwenye uwezo wa kupeleka maji au kuyazuia. Usiandike kwamba watu wamepata kitu kabla hujakiona kwa macho yako na kuwauliza wao wenyewe. Na mkubwa akikuambia ugeuze ukweli, mpe kalamu aandike kwa mkono wake na aweke sahihi. Wengi wataogopa. Asipoogopa, ondoka, hata kama hujui utalala wapi. Uchungu wa kukosa kazi niliuonja baadaye, mwanangu, na hili ninalobeba nalijua pia. Hili halina siku ya kuisha.

Nenda kazini kwa amani. Mungu akupe wakubwa wanaoambilika, na asipokupa hao, akupe kinywa cha kukataa nilichokikosa mimi.