Ng'ombe wa Dada Waliokwenda Chuo

Mdogo wangu alisomea utawala wa umma kwa ng'ombe wa mahari ya dada yetu. Kwa desturi ng'ombe wale walikuwa wangu. Kwetu, binti akiolewa, mahari yake hukaa zizini ili kaka yake naye apate cha kuolea, na mkubwa ndiye hutangulia. Lakini mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, na habari ya kuoa sikuwa nayo. Nilikuwa nafuata minada. Mwezi huu naswaga ng'ombe wa mfanyabiashara hadi Tarime, mwezi ujao napakia mahindi Sirari, kisha niko machimboni nawasumbua wachimbaji wa siku nyingi waniambie wanajuaje mwamba wenye dhahabu. Baba aliponipigia simu kuniuliza kama nitawaachia wale ng'ombe, alinikuta juu ya lori.

"Wauze," nilimwambia kwa kelele, maana upepo ulikuwa mkali. "Mura, kijana wetu huyo, asome."

Mkopo wa serikali ulilipa ada na posho kidogo. Chumba, nauli, kompyuta na mengine yote yalilipwa na ng'ombe wa dada. Walitoka zizini mmoja mmoja, kila muhula, mpaka nyumbani Nyansurura akabaki ng'ombe wa maziwa wa mama peke yake.

Alipohitimu, kazi haikuwepo. Alikaa nyumbani akalima mihogo na baba, akajitolea ofisi moja mjini bila malipo, akarudi tena kwenye mihogo. Watu walimtania kisimani: "Digrii nayo inameza mihogo kama sisi?" Alicheka nao. Baadaye, wakati hata mama alikuwa ameacha kuuliza, alipata ajira ya mtendaji wa kijiji huko kata ya Mbalibali. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa. Sote tuliamini kwamba sasa ng'ombe wanarudi.

Dada ndiye aliyerudi. Alifika asubuhi na mapema, mkono umevimba, binti yake wa miaka minne mgongoni. Mumewe alikuwa amempiga, na haikuwa mara ya kwanza. Safari hii alisema harudi. Baba hakubishana naye. Lakini haikupita juma, wazee wa upande wa mume wakaja, wakasalimiana vizuri, wakanywa maji, kisha wakamchukua mtoto.

"Ng'ombe wetu wakirudi, mtoto anarudi," alisema baba yake mume. "Wasiporudi, ni wetu. Hata atakayemzaa kesho kwa mwanamume mwingine ni wetu."

Ndivyo ilivyo, na baba yetu mwenyewe aliwahi kuwaambia wengine maneno hayohayo. Dada aliingia jikoni akakaa. Mama aliniambia kwenye simu kwamba anapika, anachota maji, ila hasemi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Nyamisangura, Tarime, na nilikuwa najiandaa kwenda machimbo ya Geita. Nilifunga mlango nikaenda Mbalibali kumwona mdogo wangu.

Nilimkuta ofisini, chumba kimoja chenye meza na mabenchi, akisuluhisha watu wawili waliogombea mpaka wa shamba. Mmoja alikuwa akimwita mheshimiwa kila baada ya maneno matatu. Walipotoka alisimama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mheshimiwa."

Hakutabasamu. Nilimweleza, ingawa alikuwa anajua yote. Aliinua mkono kunizuia.

"Sheria iko upande wa dada," alisema. "Twende ustawi wa jamii, twende mahakamani. Mtoto mdogo namna ile mahakama haimtoi kwa mama yake bila sababu. Ng'ombe hawahitajiki kabisa."

Nilifurahi sana. Nilimuuliza maswali mengi: nani anaandika, nani anaitwa, mume akikataa inakuwaje. Alijibu yote vizuri, na kwa mara ya kwanza niliona kitu nilichokinunua bila kukijua. Tukampigia dada, tukaweka sauti ya juu.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mahakama itanipa mtoto. Je, siku akiolewa? Watakuja kudai mahari yake, na wazee wote wa hapa watawapa. Atakua anaambiwa si wa hapa. Mimi sitaki kumficha mtoto wangu kama kitu cha kuiba. Rudisheni ng'ombe mliokula."

Akakata.

Mdogo wangu aliiweka simu mezani kifudifudi. Nje mtu alibisha hodi, akamwambia asubiri. Halafu akaanza kunipigia hesabu zake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ugonjwa. Mkopo wa chuo unakatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia, na utaendelea kukatwa miaka mingi. Kuna makato ya pensheni na ya bima. Kuna mkopo wa benki alioukopa mara tu alipoajiriwa, akanunua pikipiki na kuezeka nyumba ya mama. Benki wamemwambia asirudi mpaka huo upungue.

"Nikila dagaa mwezi mzima na nisimtumie mama hata senti, ng'ombe mmoja ananichukua miezi kadhaa," alisema. "Walikuwa kumi na wanne, kaka."

"Chuoni mlifundishwa nini hasa?" nilimuuliza. Sikuwa namdhihaki. Nilitaka kujua.

Alifikiri. "Kupanga. Kugawa kidogo kilichopo kwa watu wengi." Kisha akaongeza, akitazama dirishani, "Na nilitaka kuoa mwaka huu. Kuna mwalimu shule ya hapa."

Sikuwa nimesikia habari za huyo mwalimu. Nilimuuliza ni mtu wa wapi, akasema wa ng'ambo kidogo ya Sirari, ndugu zake nusu wako Kenya, na kwao wanataka ng'ombe kamili, asipungue hata mmoja. Hakunionyesha picha.

Aliuza pikipiki. Watu wa kijiji chake walipomwona anatembea kwa miguu walisema mtendaji ameishiwa mafuta. Mimi nilitoa fedha nilizoweka kwa ajili ya Geita. Tulikwenda mnadani pamoja, nikachagua, yeye akalipa, tukapata ng'ombe watano wazuri. Tuliwaswaga hadi kwa wale wazee upande wa Tarime, yeye na shati lake la ofisini, vumbi hadi magotini.

Walitupokea zizini. Baba yake mume alikuwa na vijiti kumi na vinne, amevipanga chini kimoja kimoja. Kila ng'ombe alipoingia aliokota kijiti kimoja akamkabidhi mdogo wake aliyekaa kando. Vilibaki tisa.

"Hawa wengine wako wapi?" aliuliza.

"Mzee, tumeanza na hawa," nilisema.

"Naona. Nauliza wengine." Aligeukia wenzake. "Nilisikia ng'ombe wangu walikwenda chuo. Hawajahitimu?"

Wazee walicheka hadi mmoja akakohoa. Mdogo wangu alingoja wanyamaze.

"Walihitimu, mzee," alisema. "Ndio mimi hapa."

Kicheko kilikatika. Mzee alimtazama kuanzia viatu hadi usoni. Kisha akauliza nani atasimama kwa wale tisa.

"Mimi," nilisema. "Ndimi mkubwa."

"Wewe?" Hakusema kwa hasira. "Wewe nikikutaka, nikuulizie kwa dereva gani? Mtu anakuona Sirari asubuhi, jioni uko mgodini. Hata zizi huna." Alimnyooshea kijiti mdogo wangu. "Huyu ana ofisi. Ina mlango, nitabisha. Akihamishwa, serikali itaniambia amehamishiwa wapi. Asimame huyu."

Nilikuwa nimetembea maisha yangu yote nikijisifu kwamba hakuna anayenishika.

Mdogo wangu akakubali kusimama. Lakini mzee alikuwa bado hajamaliza. "Mtoto utaondoka naye leo, kwa sababu umekuja kwa heshima. Ila tuelewane. Mpaka kijiti cha mwisho kiondoke hapa, hutatoa ng'ombe kwenda kuoa. Ng'ombe utakayemnunua anaanza kwetu. Nikisikia umepeleka hata ndama kwa wakwe, mtoto anarudi. Sawa, mtendaji?"

Mdogo wangu alitazama vile vijiti tisa. Nilijua anafanya hesabu ileile aliyonifanyia ofisini, na nilijua jibu lake ni miaka. Nilitaka kusema tuondoke, tukajadiliane na baba. Alinitangulia.

"Sawa, baba."

Walimtoa mtoto, amepakwa mafuta, amevaa gauni safi, ana mfuko wa karanga aliopewa na bibi yake. Alimpa mkono mzee kwa adabu, akaja kwetu bila kulia. Tulipofika njiani mdogo wangu alibaki nyuma, akapiga simu. Nilimshika mtoto mkono tukaendelea polepole. Nyuma yetu nilisikia sauti ya mdogo wangu tu, si maneno. Ilipanda mara moja, kisha ikashuka, kisha ikawa anayesikiliza ni yeye. Alipotufikia alimwinua mtoto akamweka mabegani, akambeba hadi tulipopata gari.

Dada alikuwa njiani anatusubiri, mbali na nyumba. Hakukimbia. Alimpokea mtoto, akamnusa shingoni, akamgeuza akamtazama mikono na miguu, halafu ndipo akakaa chini naye palepale barabarani.

Jioni alipika ugali na kuku. Wa kwanza kumpakulia alikuwa mdogo wetu, kabla ya baba, na baba alinawa mikono akasubiri zamu yake.

"Na yule mwalimu?" dada alimuuliza, ameinama anaweka bakuli. Mama ndiye aliyekuwa amemwambia.

"Anafikiri."

Dada aliketi mbele yake. Alichukua paja la kuku kutoka bakuli lake mwenyewe akaliongeza kwenye la mdogo wetu, kisha akamtazama mpaka alipoanza kula.