Taa Kubwa Iliyorudishwa Dukani

Wiki iliyopita, nilipokuwa katika duka la vifaa vya umeme hapa Garissa, mzee mmoja mfugaji aliyehamia mjini aliweka kauntani taa kubwa ya bustani.

"Ni mbovu, adeer?" akauliza muuzaji, mtu wa Kitui aliyekwisha kujifunza kuwaita wazee adeer, yaani ami kwa Kisomali.

"Si mbofu. Inafanya kazi kubita kiasi. Niliweka kwa lango, watu waone maua yangu. Lakini mtu ya porini akiona mwanga anajua hapo mgeni anakaribishwa. Kila lori ya kutoka Ijara ikishusha watu, wanakuja kwangu. Mbuzi saba nimechinja. Nipe ndogo, ile inaonyesha maua beke yake."

Mkewe, aliyesimama nyuma yake, akauinua mguu uliofungwa kitambaa ili muuzaji auone.

"Mgeni si shida," alisema. "Shida ni mimi kubeba sinia ya wageni kwa giza. Hiyo kubwa mrudishie, ikae kwa lango. Ndogo ni ya njia ya jikoni. Na mbaka mguu ibone, sinia atabeba yeye."

Mzee aliitazama dari kama atafutaye shahidi, kisha akazikumbatia taa zote mbili.

Ndugu zangu, nuru ni ya Mola. Sisi tumeazimwa tu. Ole wetu tunaomulika lango kwa ajili ya sifa, tukamwacha gizani yule anayetupatia thawabu za wageni. Nami niliondoka na balbu moja mkononi, maana njia ya jikoni kwangu nayo haina taa.